Tuwaonyeshe Njia Kabla ya Kuwauliza Waendako

Hotuba hii niliitoa mjini Mbale mbele ya madaktari tarajali na wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Walimu wangu, dada na kaka zangu wauguzi, wakunga na maafisa wa tiba, na nyinyi wadogo zangu ambao makoti yenu meupe bado yana mikunjo ya dukani, habari za asubuhi.

Nilitakiwa nizungumze Kiingereza, nikaomba niachiwe Kiswahili. Humu ukumbini yuko aliyetoka Busia ya upande huu na aliyetoka Busia ya ng'ambo, wako wa Juba, wa Bukoba, wa Arua, na asubuhi nimesalimiana na mmoja wa Bunia. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi ya polisi. Baba Mteso, mama Mnyole, na lugha ya uani kwetu ilikuwa hii. Kiingereza tunakitumia kuandikia mafaili ya wagonjwa kila siku. Nililokuja nalo leo nataka mlichukue mpaka nyumbani, mkalizungumze na mama zenu.

Kila mwaka tunawauliza madaktari vijana swali lile lile: utabobea katika nini? Anaulizwa na mwalimu, anaulizwa na shangazi siku ya mahafali, anaulizwa na mchumba. Naye anajibu, kwa sababu ni aibu kukaa kimya. Nasema leo kwamba hatuna haki ya kuuliza swali hilo, maana hatujawaonyesha vijana hawa njia zenyewe. Tunawaonyesha nyumba nne katika mtaa wenye nyumba thelathini, kisha tunasema, haya, chagueni mtakapoishi maisha yenu yote.

Hesabu yake mnaijua. Miaka 5 ya chuo, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini chini ya wakubwa, na mwaka huo umekatwa vipande 4 vya miezi mitatu mitatu: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Ukimaliza, Baraza la Madaktari linakupa usajili kamili, unakuwa daktari wa kujitegemea. Mpango huu una sababu nzuri na siukatai. Daktari atakayetumwa peke yake wilayani lazima ajue kumtibu mtoto mwenye malaria kali na kumpasua mama ambaye mtoto wake amekwama. Lakini angalieni nyumba ambazo hazimo. Usingizi, ile kazi ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu ya kupasuliwa, haumo. Magonjwa ya akili hayamo. Macho, masikio na koo, ngozi, picha za mionzi, maabara ya patholojia wanakochunguza vipande vya mwili na maiti, afya ya jamii, hakuna hata moja. Chuoni mlipita baadhi yake kwa wiki chache, mmesimama nyuma ya wenzenu ishirini, mkichungulia juu ya mabega. Mtu hawezi kusema amekaa mahali alipochungulia tu.

Niruhusuni niwaeleze nilivyofika nilipo, kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuja kusema haya.

Mimi ni daktari wa usingizi. Nilikuwa tarajali, katika miezi yangu ya uzazi, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Saa nane usiku akaletwa mama kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Uchungu wa siku mbili, mtoto amekwama. Daktari mkubwa akasema tunampasua sasa hivi. Kazi yangu ilikuwa kunawa, kuvaa, na kushika vile vyuma vya kupanua tumbo wakati mkubwa anapasua. Lakini glavu za upasuaji za saizi yangu zilikuwa zimekwisha. Zilibaki kubwa tupu. Mwenzangu akavaa, mimi nikabaki nimesimama upande wa kichwa cha mgonjwa, mikono mitupu.

Upande ule alikuwepo afisa wa usingizi, mtu wa miaka hamsini na ushee, ambaye hospitali nzima ilimwita Mzee. Hakuwa daktari, alikuwa na stashahada ya usingizi na miaka mingi ya kazi. Akanitazama, akasema, "Daktari, kama umekosa kazi, shika huu mkono." Akachukua vidole vyangu viwili akaviweka juu ya mshipa kwenye kifundo cha mkono wa yule mama, pale karibu na kiganja.

Alikuwa ameshampiga sindano ya ganzi ya mgongo. Mashine ya presha ilikuwa inajaza upepo polepole, inatoa, inajaza tena. Yule mama akapiga mwayo. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ya chini, "Musawo (daktari), nasikia kichefuchefu." Mimi nikageuka kutafuta bakuli la kutapikia. Mzee hakutafuta bakuli. Mkono mmoja ulikuwa umeshafungua maji yakimbie, mkono wa pili ukasukuma zaidi shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia ya mama, tumbo likalalia kushoto. Kisha akachukua bomba la sindano lililokuwa limejazwa dawa na kuandikwa kwa plasta tangu kabla mgonjwa hajaingia, akaingiza kidogo, akangoja, akaingiza kidogo tena. Chini ya vidole vyangu mapigo yalikuwa yamekuwa membamba kama uzi. Nikayasikia yanarudi. Ndipo mashine ilipomaliza kuhema ikatoa namba: presha ya juu 70, chini mno. Ile ilikuwa presha ya dakika iliyopita. Mzee alikuwa ameshaitibu.

Tulipotoka, mtoto analia na mama anauliza kama ni msichana, nikamuuliza Mzee alijuaje. Akasema, "Mwayo, halafu kichefuchefu. Ganzi ya mgongo inalegeza mishipa ya miguu, damu inabaki huko chini. Na mimba imelalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ubongo unalalamika kabla ya mashine. Ukisubiri mashine, umechelewa."

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Miaka mitano ya chuo nilikuwa nimeona wagonjwa wamelala kwenye meza ya upasuaji nikadhani wanalala tu. Usiku ule nikajua kwamba kuna mtu anayeushika uhai wao dakika baada ya dakika, na kwamba kazi hiyo ni fiziolojia ile ile, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, niliyoipenda mwaka wa kwanza, ila hapa inatembea mbele ya macho yako na inakujibu papo hapo. Nikaomba kurudi. Siku zangu za kupumzika nikaenda kukaa na Mzee. Ubingwa wangu ulianza pale.

Sasa fikirini jambo hili nililolifikiria mara nyingi. Kama boksi moja la glavu za saizi 6 na nusu lingekuwepo kwenye rafu usiku ule, leo nisingekuwa daktari wa usingizi. Ningekuwa nimeshika vyuma, macho yangu kwenye jeraha, na kule kichwani kwa mgonjwa nisingetazama. Nina furaha na kazi yangu kupita kiasi, na ndiyo maana wazo hilo linanitisha. Maisha ya kazi ya mtu, na wagonjwa wote atakaowahudumia kwa miaka thelathini, hayastahili kutegemea boksi la glavu.

Wala halikuwa jambo langu peke yangu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowauliza watoa usingizi 97 wa Uganda wana vifaa gani mikononi. Waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto, asilimia 13. Kwa mama wa kupasuliwa, asilimia 6. Nitarudia hiyo ya mwisho, kwa sababu mama wa kupasuliwa ndiye mgonjwa wetu wa kila usiku: asilimia 6. Na wakati huo nchi nzima, yenye watu milioni 27, ilikuwa na madaktari wa usingizi 13.

Leo tumeongezeka, Mungu ashukuriwe, na tumeongezeka kwa juhudi za watu. Chama cha madaktari wa usingizi cha Uingereza na Ireland kiliwalipia vijana wetu gharama za kusomea ubingwa katika hospitali za Mulago, Kampala, na Mbarara, na walimu wetu wachache walifundisha hata walipokuwa wamechoka. Lakini nasi tumezaana, sensa ya 2024 ilitukuta watu milioni 45.9. Mwaka 2015, tume ya jarida la Lancet iliyochunguza huduma za upasuaji duniani ilipendekeza kila nchi iwe na wapasuaji, madaktari wa usingizi na madaktari wa uzazi, jumla yao 20, kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Kwa hesabu yetu hao ni zaidi ya 9,000. Tutawatoa wapi, kama kijana anamaliza utarajali bila kusimama hata siku moja upande wa kichwa cha mgonjwa akiwa na kazi mkononi?

Nimekaa mno kwenye usingizi, mtanisamehe, ndiko ninakoishi. Twendeni kwa jirani yangu, daktari wa magonjwa ya akili.

Mnajua yanayosemwa kwenye korido zetu. Kijana akisema anapenda magonjwa ya akili, wenzake wanamuuliza kama naye ameanza kuumwa. Akisema patholojia, anaambiwa ameogopa watu walio hai. Akisema usingizi, anaambiwa hiyo ni kazi ya maafisa, daktari mzima anakwendaje kukaa kwenye kiti. Na wanaosema hivyo mara nyingi ni sisi wakubwa, kwenye raundi, mbele ya vijana, bila kufikiri. Neno moja la mkubwa kwenye raundi linafunga mlango ambao kijana hajaufungua hata mara moja.

Basi mkumbusheni anayesema hivyo habari za Dakta Margaret Mungherera. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Mganda, aliyeongoza chama cha madaktari cha nchi hii kwa miaka. Mwaka 2013 alishika urais wa Chama cha Madaktari Duniani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kukaa kwenye kiti hicho. Alifariki 2017. Madaktari wa dunia nzima walipotafuta wa kuwasemea, walimkuta katika fani ile inayochekwa kwenye korido zetu.

Lakini kuonyeshwa mapema peke yake hakutoshi, na hapa lazima niseme ukweli ambao si mtamu. Mimi nilionyeshwa magonjwa ya watoto mapema sana, na nikayakimbia.

Nilipenda watoto tangu mwaka wa tatu. Ningekuwa daktari wa watoto, nina hakika. Katika wiki zangu za mwanzo wodini nilikosea kukokotoa maji ya mtoto aliyekuwa anaharisha. Kosa lilikuwa langu, sikatai, na sista alikuwa ameshaliona na kulisahihisha kabla tone moja halijaingia. Asubuhi kwenye raundi mkubwa wetu akalisoma faili kwa sauti, akalitupa miguuni pangu, akaniambia mbele ya mama wa yule mtoto kwamba mtu kama mimi atamaliza watoto wa nchi hii. Yule mama akanitazama. Mpaka leo nayakumbuka macho yake kuliko maneno ya mkubwa. Kila nilipoikaribia wodi ile baadaye, tumbo lilikaza. Nikajiambia watoto si fungu langu.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba niliikimbia sauti ya mtu mmoja, nikaichanganya na kazi yenyewe. Watoto hawakuwa wamenikosea chochote. Leo ninawalaza watoto kwa upasuaji karibu kila wiki, na ndio wagonjwa ninaowapenda kuliko wote. Kwa hiyo, ndugu zangu walimu, siku mnayompokea kijana katika idara yenu kwa mara ya kwanza, mjue mnachokishika. Fani nzima anaipima kwa uso wako. Ukimdhalilisha, huenda umeinyima fani yako daktari mmoja, na hutajua kamwe, kwa sababu hatarudi kukuambia.

Nanyi vijana, sikieni upande wenu. Msiipime fani kwa mtu mmoja, awe mbaya au awe mzuri. Mzee wangu yule wa usiku alikuwa mwalimu wa ajabu, lakini ningekuwa nimempenda yeye tu bila kuipenda kazi, ningeharibikiwa vile vile. Nilijua ni kazi ninayoipenda pale nilipoifanya na mtu mwingine, asiyesema sana, siku ya kuchosha, umeme unakatika kila saa, na bado nikataka kurudi kesho.

Kuna hoja mbili ambazo kila nikilisema jambo hili huletwa mbele yangu, na zote mbili ni za watu wenye nia njema.

Ya kwanza inasema: ukimwonyesha kijana fani mapema, ataanza kuchagua mapema, atakuwa mwembamba, atadharau mengine, na nchi yetu inahitaji daktari wa yote. Naiheshimu hoja hii. Lakini fuateni pamoja nami mpaka kwenye kituo cha afya cha daraja la nne, ambako wengi wenu mtapelekwa. Pale kuna chumba cha upasuaji, kilijengwa ili mama asisafirishwe kilomita sitini kufuata kisu. Daktari yupo, ni wewe. Mkunga yupo. Na mara nyingi anayekosekana ni mtu wa usingizi. Vyumba vingi vya upasuaji katika vituo hivyo vimekaa kimya kwa sababu hiyo hiyo. Au yupo mmoja, na usiku huo yuko mazishini. Sasa niambieni, kati ya daktari aliyekaa wiki moja kwenye usingizi, akajifunza kushika taya mgonjwa apumue, akajua maana ya mwayo na kichefuchefu, na yule asiyewahi kukaa huko, nani ni daktari wa yote? Hivyo hivyo kwa akili. Kituoni kwako ataletwa kijana amefungwa kamba, ndugu zake wanasema amerogwa. Aliyekaa wiki moja na wauguzi wa wodi ya akili anajua kuanza kwa kuongea naye na kumfungua zile kamba. Wiki hizo zinampanua daktari hata kama fani yenyewe hataichagua kamwe.

Kuna kisa cha hapa kwetu Uganda ninachokipenda kwa sababu hiyo. Mwaka 1957, pale Mulago, daktari wa magonjwa ya ndani aitwaye Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Ndipo aliposimama, akaanza kuuliza na kukusanya, na mwaka 1958 akaiandikia dunia kuhusu ugonjwa ambao leo unabeba jina lake, saratani ya watoto inayotibika kwa dawa. Wengine walikuwa wamewaona watoto wa namna hiyo kabla yake. Yeye yule wa Jinja alimtambua kwa kuwa wa Mulago alikuwa ameshaonyeshwa, na alionyeshwa na mtu wa idara nyingine aliyesema, njoo utazame.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na sitaipita mbio. Inasema: tarajali ndiye anayeibeba wodi. Ukimtoa wiki moja apelekwe kuangalia mionzi, nani atawatoa damu wagonjwa arobaini, nani ataandika, nani atakesha? Ni kweli. Kila mara matarajali wa nchi hii walipogoma, wodi zilisimama, na hiyo inatosha kutuonyesha nani anazibeba. Lakini jiulizeni maana yake. Tumewafanya wanafunzi wetu kuwa nguzo za nyumba, na nguzo hairuhusiwi kusogea. Utarajali ni mwaka wa kujifunza, ndivyo ulivyoandikwa, na wizara inawapanga hospitalini kwa jina hilo. Tukikiri kwamba hatuwezi kumwachia kijana siku tano katika kila miezi mitatu ili aone njia yake, tuache kuuita mwaka wa mafunzo.

Wenzetu Uingereza, tangu 2005, wanawapa madaktari wapya miaka miwili ya msingi, wakizunguka idara mbalimbali, mara nyingi miezi minne minne, na humo wanaweza kupata siku chache za kwenda kuonja fani ambayo hawakupangiwa. Kuonja, ndilo neno lao. Sisemi tunakili. Sisi tuna miezi 12, na wao wana shida zao, vijana wao wengi wakimaliza miaka ile miwili wanasita kuendelea moja kwa moja. Nimechukua hilo neno tu, kuonja. Mama yangu hakununua nyanya soko la Tororo bila kuzigusa, wala mchele bila kutafuna punje mbili.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Katika kila miezi mitatu, itolewe wiki moja. Mnapokuwa upasuaji, wiki ya usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi. Mnapokuwa magonjwa ya ndani, wiki ya akili. Mnapokuwa watoto, wiki ya mionzi na maabara, mkafuate damu na picha mlizoziomba wenyewe mpaka zinakosomwa, mkajue kwa nini majibu yanachelewa. Mnapokuwa uzazi, wiki ya kuchagua mwenyewe. Mpangilio ukibadilika sitagombana na mtu. Nitagombana kwa jambo moja, kwamba kijana apewe kazi ya mkono na mtu mmoja wa kumfuata. Asiambiwe "kaa hapo utazame." Mzee aliniambia shika huu mkono, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo hotuba yangu yote. Na huyo mtu mmoja amwonyeshe kazi na maisha yake pia: analala saa ngapi, anaitwa usiku mara ngapi, watoto wake anawaona lini, anajilaumu vipi mgonjwa akifariki. Kijana anachagua maisha, na ana haki ya kuyaona.

Pengine hatutahitaji hata kwenda mbali. Nyinyi mko hapa Mbale. Katika mji huu kuna hospitali ya CURE, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wenye maji kichwani wanapasuliwa kwa njia ya kamera ndogo, njia iliyoendelezwa hapa hapa na Dakta Benjamin Warf ili mtoto asirudi kijijini na mpira wa kupitishia maji kichwani ambao ukiziba usiku hakuna wa kuuzibua. Wapasuaji wa nchi kubwa wamejifunza kutokana na kilichofanywa chini ya mlima huu wa Masaba, yaani Elgon. Na pia ilionekana pale kwamba wengi wa watoto hao walipata ugonjwa baada ya maambukizi ya utotoni. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuomba kwenda kukaa asubuhi moja? Sioni mikono mingi. Siwalaumu, hakuna aliyewaambia mnaruhusiwa kuomba. Nawaambia leo.

Neno la fedha, nalisema kwa kifupi kwa sababu mnalijua kuliko mimi. Kusomea ubingwa ni miaka mitatu na zaidi, wengi hujilipia ada, na wengi hufanya kazi ya hospitali miaka hiyo yote bila mshahara wa kazi hiyo. Kijana mwenye wadogo watano wa kusomesha hawezi kuchagua kwa moyo peke yake, na atakayemhubiria moyo bila kuzungumza ada hamtendei haki. Serikali na wafadhili wana deni hapo, na tutaendelea kulidai. Lakini hata ada ikilipwa kesho asubuhi, mtu hataomba kusomea kitu ambacho hajui kipo.

Kwenye idara yetu tumeshaanza bila kungoja waraka. Nimezungumza na wakuu wa upasuaji na uzazi, wamekubali kuniachia matarajali wawili kila wiki kuanzia Jumatatu. Glavu zipo, nimehesabu mwenyewe, saizi zote. Njoo saa moja asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaletwa, tuikague mashine pamoja, tufungue mtungi wa oksijeni tuone kama umejaa, tujaze dawa kwenye mabomba na kuyaandika kwa plasta. Viatu vya nje unaviacha mlangoni. Jina lako liandike kwenye karatasi iliyobandikwa pale, na kama nafasi za wiki zimejaa, andika hivyo hivyo chini yake, nitakutafuta.